UJIJI TUNADAI SIKU SITINI

Na Mwana-Ujiji



Wiki hii siandiki habari za bei ya mawese wala za barabara. Naandika juu ya jambo ambalo halitajwi katika mikutano yetu, kwa kuwa wanaume tunaliona ni la wanawake, na wanawake wenyewe wanaliona ni la kufichwa chini ya kanga. Naandika juu ya saratani ya matiti, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa. Najua wapo watakaosema kwamba gazeti la chama si mahali pake. Nawajibu hivi: tangu siku za kupigania Uhuru tumeambizana kwamba maadui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Hatukuambizana kwamba tutapigana na maradhi mengine na kuyaacha mengine eti kwa kuwa yana haya.

Nitaanza nyumbani kwetu.

Shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiuza dagaa. Wanawake wa Ujiji wanaijua kazi ile: kufika mwaloni alfajiri kabla mitumbwi haijatia nanga, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, kufunga magunia, kisha kusubiri mnunuzi ambaye huja na bei yake mfukoni. Kwa dagaa alilea watoto sita na wawili wa marehemu mdogo wake. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, alipokuwa akioga, mkono wake ulikutana na kitu kigumu katika titi la kushoto, kigumu kama kokwa la mchikichi. Hakikumuuma. Na kwa kuwa hakikumuuma, alikiacha. Nani katika nyumba ya kimaskini anayefunga biashara yake siku nzima ili aende hospitali kwa kitu kisichouma?

Baada ya miezi mitatu alimwambia dada yake. Dada yake akampeleka kwa mzee mmoja wa mitishamba, wakapoteza miezi mingine miwili huko. Kisha dispensari. Pale akaambiwa ni jipu, akapewa vidonge. Vilipokwisha akapewa vingine vya namna ile ile. Mwisho akatumwa hospitali, ambayo jina lake sitalitaja, maana nia yangu si kumgombeza mtu mmoja kwa kosa la wengi. Daktari, kijana mwenye adabu, aliona papo hapo kwamba si jipu. Alikata kipande kidogo cha nyama, kikatiwa katika chupa, kikapelekwa mbali kupimwa. Tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila tulipokwenda kuuliza tulijibiwa, "Majibu bado, mama, njoo Jumatatu." Katika wiki ya kumi na moja tukaambiwa kwamba kipande kile kiliharibika njiani, hakifai kupimwa, na kazi ianzwe upya.

Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Mpaka siku ile shangazi hakuwa amenyimwa dawa ya bei kubwa, wala hakuwa amenyimwa mashine ya kutoka Ulaya. Alikuwa bado hajafika huko. Kilichomkosesha ni chupa. Nyama ya kupimwa hutakiwa itiwe upesi katika fomalini ya kutosha. Ikichelewa, au ikitiwa katika maji mengine, huanza kuoza, na mpimaji aliye na hadubini nzuri kuliko zote duniani hawezi kuisoma. Ilikosekana chupa yenye maji yake, na akakosekana mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kazi yake ni kuuliza chupa ya mama huyu iko wapi.

Alipopata jina la ugonjwa wake, mwaka ulikuwa umezunguka, lile kokwa limekuwa kidonda, na kwapani pameota tezi. Tulimpandisha garimoshi. Waliompokea mwisho wa safari walimtibu kwa heshima na kwa bidii, nami nawashukuru. Lakini walipokea ugonjwa wa hatua ya nne, uliokwisha kwenda mifupani. Hakuiona Ramadhani ya tatu.

Basi tutoke nyumbani kwetu tuitazame dunia. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wanavyopenda kusema barazani. Katika Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Wala si ya wanawake peke yao: katika kila wagonjwa mia, mmoja au karibu na mmoja ni mwanamume. Na karibu nusu ya wanawake wanaoipata hawana sababu yo yote inayojulikana ya kuipata, ila kuwa ni wanawake na kuwa umri unakwenda. Kwa hiyo zile hadithi za kwamba fulani amerogwa, au alikuwa akiweka pesa katika sidiria, tuziache.

Lakini kupata ugonjwa ni jambo moja, kufa nao ni jambo jingine. Kwa hesabu za shirika hilo hilo, katika nchi za kitajiri zaidi ya wanawake tisini katika mia huwa hai miaka mitano baada ya kugundulika. Katika India ni sitini na sita. Katika Afrika Kusini, ambayo ina hospitali na madaktari kuliko sehemu nyingi za bara letu, ni arobaini. Ugonjwa ni mmoja, mwili wa binadamu ni mmoja. Hapa kwetu, tathmini ya huduma za matiti ya Tanzania Bara iliyotolewa mwaka 2017 ilisema kwamba karibu wanawake wanane katika kila kumi hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, yaani hatua ile aliyofikia shangazi yangu au iliyo jirani yake. Mtu akisikia hesabu hiyo husema, "Wanawake wetu wanachelewa." Sikatai. Shangazi alichelewa miezi mitano kwa hiari yake na kwa ujinga wetu sote wa nyumba ile. Lakini miezi iliyobaki hakuchelewa yeye. Alicheleweshwa. Na tofauti ya maneno haya mawili ndiyo siasa yenyewe.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupambana na saratani ya matiti duniani kote, na mwaka 2023 likatoa mwongozo wake. Nimeusoma, na katika maneno mengi nimetoka na hesabu tatu ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzishika. Ya kwanza, wanawake sitini katika mia wagundulike wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Ya pili, mwanamke akifika kituo cha kwanza cha afya na dalili, ugonjwa wake ujulikane ndani ya siku sitini, na matibabu yaanze kabla ya miezi mitatu kwisha. Ya tatu, wagonjwa themanini katika mia wamalize matibabu waliyoandikiwa. Wanasema hayo yakifanyika, maisha milioni 2.5 yataokoka kufikia mwaka 2040.

Mimi nimeichagua ile ya katikati, siku sitini. Nimeichagua kwa sababu haitaki elimu ya udaktari kuihesabu. Mjumbe wa shina anaweza kuihesabu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuihesabu kwa kalenda ya ukutani. Kiongozi akija Ujiji akatuambia kwamba huduma zinaboreshwa, hatuna la kumjibu, maana kila kitu duniani kinaboreshwa. Lakini tukimwuliza, "Mheshimiwa, mwaka jana wanawake wangapi wa Kigoma walipata majibu yao ndani ya siku sitini?" atalazimika kuwa na jibu, au kukiri mbele ya watu kwamba hana.

Wapo ndugu, tena wanachama wazuri, waliokwisha niambia kwamba fikira hizi ni ndogo. Kwamba Kigoma ina watu zaidi ya milioni 2.4 kwa hesabu ya mwaka 2022, na kwa hiyo tudai mashine yetu wenyewe ya mionzi, tuache kupelekana Bugando kule Mwanza au Ocean Road kule Dar es Salaam. Naheshimu hasira yao. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na hakuna mgonjwa anayestahili kuisafiri njia ile kila mara akiwa na kidonda. Siku ya mashine itafika, na itakapofika nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini nasema si ya kwanza.

Tazameni majirani zetu wa Uganda. Chuo chao cha kansa pale Mulago kilianzishwa mwaka 1967, ni katika vya mwanzo barani. Walikuwa na mashine moja ya mionzi kwa nchi nzima. Mwaka 2016 ikaharibika kabisa, ikawa haitengenezeki, na mpya haikuanza kazi mpaka mwanzoni mwa mwaka 2018. Karibu miaka miwili nchi nzima ikawa haina mashine, na mwenye uwezo akaenda Nairobi. Mashine bila fundi, bila vipuri, bila umeme wa kutegemewa, ni chuma cha kupigia picha siku ya ufunguzi.

Sisi watu wa ziwa tusihitaji kufundishwa hili. Meli yetu ya Liemba, iliyoitwa Goetzen wakati wa Wajerumani, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe. Lakini mafundi wale kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ikakaa chini ya maji mpaka mwaka 1924, ikainuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikatubebea watu na mizigo miaka na miaka. Ilipona kwa sababu ya grisi. Nchi yetu haijawahi kukosa watu wa kukata utepe. Hukosa wa kupaka grisi.

Na wapo waliofanya bila mashine. Rwanda mwaka 2012 walifungua kituo cha kutibu kansa pale Butaro, si mjini Kigali, bali mlimani kaskazini, wilaya ya Burera, karibu na mpaka wa Uganda. Hapakuwa na daktari bingwa wa kansa anayekaa pale. Walichukua madaktari wa kawaida na wauguzi wa kawaida, wakawafundisha kazi kwa taratibu zilizoandikwa hatua kwa hatua, na mabingwa wa Boston, Marekani, wakawa wanaongea nao kutoka mbali juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Mashine ya mionzi hawakuwa nayo. Waliohitaji walipelekwa nje. Lakini nyama ilichukuliwa, ikapimwa, ikajibiwa, sindano za dawa zikatolewa, upasuaji ukafanywa. Butaro haikuwa tajiri kuliko Kigoma. Inapasa tuone haya kidogo.

Mabingwa wa dunia wenyewe wamelikubali jambo hili. Tangu mwaka 2002 lilikuwapo kundi la madaktari lililoandika miongozo ya saratani ya matiti kwa nchi zisizo na mali, wakaipanga kwa ngazi nne, kutoka ile ya msingi kabisa hadi ile ya wenye kila kitu. Maana yake ni kwamba nchi isirukie ngazi ya nne huku ya kwanza haina mbao. Na katika ngazi ya kwanza kabisa mnakuta yale yale: mkono wa mtu aliyefundishwa kupapasa, sindano ya kuchukulia nyama, mpimaji wa kuisoma, kisu cha daktari, na dawa chache.

Juu ya kisu nitasema wazi, kwa kuwa hapa ndipo wanawake wengi wanapokimbia. Majaribio mawili makubwa, la Milan kule Italia na la Marekani, yaliyofuatiliwa kwa miaka ishirini na majibu yake kutolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba kwa saratani ya mapema, mwanamke aliyetolewa uvimbe peke yake kisha akapigwa mionzi huishi muda sawa na yule aliyekatwa titi zima. Ni habari njema mno. Lakini someni tena: kisha akapigwa mionzi. Mwenye kukaa karibu na mashine ana la kuchagua. Mwanamke wa Kalya au wa Sunuka, ambaye kufika Kigoma peke yake ni safari ya boti, mara nyingi atakatwa titi zima hata kama lingeweza kubaki, kwa sababu wiki nyingi za mionzi mbali na watoto wake hazimkiniki. Umbali ndio unaomwamulia. Sisemi akatae kisu. Akikubali mapema, kisu kitamwokoa, na wengi wa hatua ya mapema waliokatwa titi zima hawahitaji mionzi tena. Nasema sisi tunaopanga nchi tujue kwamba kila kilomita ya barabara mbovu hulipwa na mwili wa mtu.

Kisha dawa. Ipo moja inaitwa tamoksifeni. Ni kidonge, si sindano. Kimoja kwa siku kwa miaka mitano, na wengine huongezewa. Ni dawa ya zamani, haina tena mwenye kuimiliki peke yake, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa wanawake ambao saratani yao hulishwa na homoni, na hao duniani ni wengi kuliko wengine, dawa hii hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja katika miaka kumi na mitano ya mwanzo. Hakuna mashine yo yote inayotoa faida kama hiyo kwa senti chache kama hizo. Lakini ina masharti mawili. Kwanza, ile nyama iliyopimwa ipimwe tena kujua kama saratani yake ni ya homoni, maana kama siyo, kidonge hakina kazi. Kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye chupa. Pili, kidonge kiwepo. Si kiwepo Dar es Salaam. Kiwepo kituo cha afya ambacho mama hukifikia kwa miguu, na apewe cha miezi mitatu kwa mara moja. Kumwambia mwanamke wa pwani ya ziwa apande mtumbwi kila mwezi, kwa miezi sitini, aje aambiwe dirishani kwamba dawa imekwisha, ni kumfukuza kwa lugha ya upole.

Sasa nitawaudhi wengine. Kila mwezi wa Oktoba huja watu na fulana za rangi ya waridi. Hutembea kutoka kiwanja mpaka kiwanja, hupigwa picha, huwaambia wanawake wajipapase kila mwezi, kisha huondoka. Nia yao ni njema. Lakini kule Shanghai, Uchina, walijaribu jambo hilo kwa wanawake wapatao 266,000 wa viwandani. Waliwafundisha, wakawakumbusha kwa miaka, na majibu yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua kwa mafundisho hayo. Mwanamke ajue titi lake lilivyo, ndiyo, na likibadilika aseme upesi: uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani, damu, tezi ya kwapani. Ajue pia kwamba uvimbe mwingi si saratani, ili hofu isimfunge miguu. Lakini ukimfundisha kuona dalili na usimpe mahali pa kwenda nayo, umemwongezea usiku wa kukosa usingizi, basi.

Lililoonekana kufaa ni jingine. Mumbai, India, kuanzia mwaka 1998, wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi ya afya, wala si madaktari, waliwapapasa matiti wanawake wenzao kila baada ya miaka miwili. Walioingizwa katika jaribio lile walizidi 150,000, na lilifuatiliwa kwa miaka ishirini. Majibu ya mwaka 2021 yalisema kwamba saratani zilikutwa mapema zaidi, na kwa wanawake wa miaka hamsini na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu thelathini katika mia. Kwa walio chini ya umri huo faida ya kupungua kwa vifo haikuonekana, nalisema hili ili nisije nikaitwa mwongo. Hata Sudan, jimbo la Gezira, kabla ya vita hivi vya sasa, waliwafundisha watu wa kujitolea kazi ya kuwapapasa wanawake wa vijiji vyao na kuwapeleka hospitali, na kazi ikawezekana. Mkono uliofundishwa hauhitaji umeme. Wahudumu wa afya wa mitaa tunao, Kasimbu tunao, Rusimbi tunao, Kitongoni na Gungu vile vile. Wafundishwe hili, na wapewe simu ya mtu wa kumpigia wanapokuta jambo.

Nirudi kwenye fedha, maana bila fedha haya ni hotuba tu. Mgonjwa wa saratani katika hospitali za serikali yumo katika kundi la wenye msamaha wa malipo. Ni jambo la kusifiwa, nchi nyingi hazina hata hilo. Lakini msamaha haulipi nauli ya garimoshi. Haulipi chakula cha ndugu anayemsindikiza. Haulipi kipimo kinachofanywa nje kwa kuwa cha ndani kimeharibika. Na haulipi dagaa wasioanikwa wiki sita. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Natoa shauri kwa wabunge wetu wa Kigoma kwamba wasikae kimya mpaka nauli ya mgonjwa anayepelekwa mbali ihesabiwe kuwa ni sehemu ya matibabu yake. Mtu akiniuliza fedha itoke wapi, nitamwuliza yeye magari yanayosindikiza misafara huenda kwa maji au kwa petroli.

Na sisi wenyewe je? Ujiji ni mji wa vyama. Tuna vyama vya kuzikana, vya harusi, vya upatu, vya kusomesha watoto madrasa. Mtu akifa hapa, kabla ya adhuhuri sanda ipo, mchele upo, na watu wa kuchimba wapo. Mbona hatuna bidii hiyo kabla hajafa? Nauli ya kwenda Mwanza ni ndogo kuliko gharama ya khitma moja ya kifahari. Wanachama wa vyama vya upatu wakubaliane kwamba mwenzao mwenye barua ya hospitali apokee zamu yake kwanza, hata kama jina lake liko la mwisho. Akina mama niliozungumza nao walikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Mmoja tu aliuliza kama na wagonjwa wa baridi yabisi watarukishwa foleni.

Kwa wanaume wenzangu nina neno fupi. Wapo miongoni mwetu waliomwambia mke kwamba akikatwa titi asirudi. Wazee wetu waliita titi ziwa, jina lile lile la maji haya tunayoyavua. Walijua ni kitu gani kinacholisha watu. Mwanamume aliyenyonya, akaoa, watoto wake wakanyonyeshwa, kisha akamwacha mwenye ziwa hilo siku lilipougua, asitegemee kuitwa mzee wa mtaa.

Basi tunachodai ni hiki. Hospitali ya mkoa ya Maweni na hospitali zote za mkoa huu ziwe na sindano za kuchukulia nyama na chupa zenye fomalini, wakati wote, kama zinavyokuwa na gloves na pamba. Awepo muuguzi mmoja mwenye jina linalojulikana, wa kufuatilia kila chupa mpaka jibu lirudi, na jibu lije kwa simu, lisingoje basi. Tamoksifeni iwe katika vituo vya afya vya pwani ya ziwa. Na kila robo ya mwaka mganga mkuu wa mkoa abandike ubaoni, nje, watu wasome: wangapi walikuja, wangapi walijibiwa ndani ya siku sitini, wangapi walianza matibabu. Kama hesabu ni mbaya ibandikwe hivyo hivyo ilivyo mbaya. Hatutamzomea. Tutamsaidia kuzomea wanaostahili.

Tawi letu halikungoja ubao. Tumenunua daftari moja, la kurasa mia mbili, lenye jalada gumu. Haliandikwi jina la mgonjwa, maana siri ya mtu ni yake. Huandikwa namba, mtaa, tarehe aliyofika dispensari mara ya kwanza, tarehe nyama ilipochukuliwa, na tarehe ya jibu. Linawekwa na katibu wa akina mama, na anayetaka kuandikishwa amwendee nyumbani kwake baada ya alasiri. Mpaka ninapoandika maneno haya zimeandikwa mistari minne. Mmoja una jibu, na lilichukua siku 83. Mitatu mingine nafasi ya mwisho iko wazi, na wa zamani kuliko wote umefika siku ya 51.